Mafunjo: kile kisafina cha Musa

Ukisoma Kutoka 2:3 usikipite haraka kile kisafina cha Musa. Kilitengenezwa kwa mafunjo, haya haya tunayoyaona ziwani hapa Mwanza, bua la pembe tatu linalofika hata mita 4. Mafunjo ukiyakata juu yanachipua tena, maana shina lenyewe linatambaa chini topeni. Mfuma mikeka analijua hilo kuliko sisi. Ila ukiyang'oa na mizizi upande mboga, basi tena: tope la mvua linaingia ziwani moja kwa moja, samaki wachanga wanakosa maficho. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inalinda mita 60 toka ukingoni. Kwa hiyo tukienda usafi mwaloni, tuokote plastiki, mafunjo tuyaache.