Dondoo muhimu: Kuwajua na kuwalinda ndege, kuanzia hapa kwetu Masara, Kenya

Anza na ua wako. Amka saa kumi na mbili asubuhi, keti kimya nusu saa, andika unachokiona: tarehe, mahali, idadi. Darubini inasaidia, lakini macho na daftari vinatosha kuanza.

Ukifika ufukweni mwa Ziwa Victoria, simama karibu na mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo. Humo anaishi ndege wa jamii ya tiva: kifua chekundu, mgongo mweusi, utosi wa manjano. Dume na jike huitikiana, mmoja akianza mwenzake anamalizia, kwa hiyo utamsikia kabla ya kumwona. Hana makao mengine ila mafunjo. Ndiyo maana nawasihi wanaosuka mikeka: kateni kwa zamu, sehemu moja ipumzike, wala msichome moto.

Kati ya Aprili na Septemba, panga safari ya Hifadhi ya Taifa ya Ruma, bonde la Lambwe, ukamtafute mbayuwayu wa buluu. Huzaliana kusini, kuanzia Tanzania hadi Afrika Kusini, kisha huja kwenye nyasi zetu.

Orodha zako zitume kwa mradi wa Kenya Bird Map. Unachokiona Masara kina uzito uleule wa kilichoonekana Nairobi. Shirika la Nature Kenya, lililoanza mwaka 1909, hupokea wanachama na huratibu hesabu ya ndege wa majini kila mwanzo wa mwaka.

Watoto wenye manati wape daftari, uwachukue mtembee pamoja.