SOMO LETU: FEDHA ZA SHULE

Ndugu msomaji, chukua kalamu na karatasi. Leo tunapiga hesabu.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, Serikali ilipanga shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Shilingi 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Shilingi 6,000 zilipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiasi kilikuwa kimoja, mjini na kijijini.

Je, hiyo ni haki? Tuone kwa mfano. Shule ya mjini yenye watoto 800 inapata shilingi 4,800,000. Shule ya kijijini, tuseme huku kwetu Buganguzi, yenye watoto 200, inapata 1,200,000. Gawanya kwa miezi 12. Ni shilingi 100,000 kwa mwezi! Humo mna chaki, karatasi za mitihani na matengenezo. Upepo ukiezua darasa, mwenye duka la bati haulizi shule ina watoto wangapi. Tena bati letu lina gharama ya kulibeba kutoka Muleba.

Halafu kuna michango. Mwaka 2016 kulazimisha michango kulikatazwa, ila ya hiari iliruhusiwa. Mzazi wa mjini mwenye mshahara hutoa mwezi wowote. Sisi tunangoja kahawa. Bei ikishuka, au mnyauko ukiingia kwenye migomba, na shule nayo inalala njaa.

Lakini tuseme kweli, jamani. Zamani sisi ndio tulikuwa wenye nacho. Kahawa na misheni zilileta shule mapema Buhaya na Kilimanjaro, wakati mikoa mingine ilikuwa nazo chache sana. Mwaka 1969 Serikali ilichukua shule za misheni. Miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawiwa kimkoa, ili walio nyuma nao wapate. Wako kwetu walionung'unika. Kumbe hoja ilikuwa ni hiihii tunayoitoa leo: aliye nyuma aongezewe.

Kamati ya Shule ina wazazi ndani yake. Waulizeni mapato na matumizi yamebandikwa wapi.

ZOEZI
1. Shule yenu ina watoto wangapi? Zidisha kwa 6,000.
2. Gawanya jibu kwa 12.
3. Linganisha na fedha zilizoandikwa ubaoni. Zikipungua, nendeni na karatasi yenu mkutanoni.