Deni la hospitali na zaka

Swali: Mume wangu ni mvuvi. Alipopasuliwa ngiri tuliuza mashine ya boti, na bado tunadaiwa. Je, twaweza kupokea zaka, au ni ya mafukara tu?

Jibu: Pole, dada. Aya ya 60 ya Sura At-Tawba inataja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na wenye madeni ni fungu lao peke yao. Deni la matibabu mliloshindwa kulilipa limo.

Kinachonitia hofu zaidi ni ile mashine. Mvuvi asiye nayo atapona tumbo, kisha mwezi ujao mtarudi kukopa unga dukani. Kumsaidia mgonjwa hata baada ya matibabu si jambo geni: hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa miaka ya 1280 na kuendeshwa kwa wakfu, husimuliwa kuwa ilimpa mgonjwa anayetoka fedha kidogo, asikimbilie kazi kabla ya kupata nguvu. Na wanazuoni wa Kishafi, madhehebu ya pwani yetu, wamejuzisha fukara mwenye ufundi apewe cha kununulia zana zake.

Basi andikeni yote mawili, deni na mashine, mwambatanishe risiti, mpeleke kwa kamati ya zaka msikitini. Msingoje Ramadhani, maombi huwa mengi.