Okot p'Bitek: Mshairi Aliyevuka Mpaka

1. Utangulizi

Asimamaye Malaba au Busia huona mataifa mawili. Asikilizaye huko husikia lugha zisizotambua forodha. Wateso wako Kenya na Uganda, Wasamia kadhalika. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Nambale, katika nchi ya Wabukhayo, jambo hili si geni. Makala haya yanachunguza maisha ya Okot p'Bitek, mshairi na profesa wa Uganda aliyefundisha ugenini kwa muda mrefu, ili kujibu swali moja: mpaka ulimtendea nini mshairi huyu, na ulilitendea nini neno lake?

2. Malezi na masomo

Okot alizaliwa Gulu, katika nchi ya Waacholi, mwaka 1931. Mnamo 1953 alichapisha riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, kwa Kiacholi. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza pamoja na timu ya taifa ya kandanda, akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya jamii na tamaduni Oxford. Huko Oxford alikerwa na wasomi waliowaita Waafrika washenzi. Hasira hiyo ilizaa utafiti. Katika maandishi yake ya miaka ya 1970 alidai kwamba wataalamu wa dini za Kiafrika, Wazungu kwa Waafrika, waliivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani isiyoyajua.

3. Ugenini

Aliporudi, Okot aliongoza Jumba la Taifa la Maonyesho jijini Kampala. Hakudumu. Baada ya kuikosoa serikali yake akiwa ziarani Zambia, aliachishwa kazi. Akavuka mpaka na kuja Kisumu, alikofanya kazi ya elimu ya watu wazima chini ya chuo kikuu cha Nairobi, na mwaka 1968 akaanzisha tamasha la sanaa mjini humo. Mapinduzi ya Idi Amin ya Januari 1971 yaliurefusha ugeni wake. Alifundisha Nairobi kwa takribani muda wote wa utawala huo, kisha Ife, nchini Nigeria.

Hata hivyo, yafaa tujiulize maana ya ugenini. Kiacholi na Kijaluo ni lugha za jamii moja, ya Kiluo. Na Wapadhola wa Tororo, ng'ambo tu ya Malaba, ni wa jamii hiyo hiyo. Kwa pasipoti, Okot alikuwa mgeni Kisumu. Kwa lugha, alikuwa amefika kwa ndugu.

4. Safari ya wimbo

Kabla ya mshairi kuhama, shairi lake lilikuwa limekwisha kuhama. Wimbo wa Lawino ulitungwa kwa Kiacholi, lakini tafsiri ya Kiingereza, aliyoifanya mwenyewe, ndiyo iliyotangulia kuchapishwa, mjini Nairobi, mwaka 1966. Asili yake ya Kiacholi ilitoka mwaka 1969. Mtoto alitangulia mama kuonekana hadharani kwa miaka mitatu!

Kinaya hapa ni kikubwa. Lawino ni mke asiyesoma, anayemlaumu mumewe Ocol kwa kudharau mila za kwao na kumwandama Clementine, mwanamke wa kisasa. Mtetezi huyo wa lugha ya mama alisikika ulimwenguni kwa lugha anayoienzi mumewe. Ocol naye alijibu mwaka 1970, katika diwani nyingine.

Kiswahili kilimpokea Lawino mwaka 1975, katika tafsiri ya Paul Sozigwa. Ilikuwa miaka ambayo mjadala wa ushairi huru na ushairi wa arudhi ulikuwa umepamba moto. Diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia. Hivyo Lawino hakuingia katika nyumba tulivu.

5. Hitimisho

Okot alirudi Makerere, na mwaka 1982 akawa profesa wa uandishi wa kubuni. Alifariki mwezi Julai mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 51. Kiti alichokitafuta nyumbani alikikalia kwa miezi michache tu.

Ndugu msomaji, maisha haya yanatufunza kwamba mpaka unaweza kumzuia mtu, lakini lugha hufa kwa kupuuzwa na wenyewe. Mwaka 1974 Okot alichapisha nyimbo za Kiacholi pamoja na tafsiri zake; hakungoja mgeni aje kuzikusanya. Je, nyimbo za Kikhayo, Kisamia na Kiteso ziimbwazo matangani na arusini zimekusanywa na nani miongoni mwetu? Kiswahili, lugha inayovuka Busia na Malaba kila siku pamoja na wachuuzi na madereva, kingeweza kuzipokea pasipo kuzinyima asili yake. Mwanafunzi anayekwenda likizo na aanze kwa kumsikiliza bibi yake, na daftari awe nalo mkononi.