Dondoo muhimu: Ekseli ya 60 chini ya Land Cruiser 40

Kutoka Kisangani kwenda Bafwasende au Niania kwa barabara ya taifa namba 4, tope ndilo linaloamua. Ndiyo maana Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizokoma kutengenezwa 1984, bado zina wapenzi. Ekseli ya nyuma ikichoka, ile ya mfululizo wa 60 inavutia: boliti sita za gurudumu zinalingana. Lakini ni pana zaidi, na viti vyake vya springi lazima vikatwe na kuchomelewa upya.

Kabla ya kulipa, fundi ahesabu meno ya difu. 37 kwa 9 ni uwiano wa 4.11, 37 kwa 10 ni 3.70. Mbele 4.11 na nyuma 3.70 ni balaa: gari likivuta kwa magurudumu yote manne penye ardhi kavu, ekseli zinashindana mpaka kitu kivunjike. Zote zikihamishwa kutoka 4.11 hadi 3.70, spidimita nayo inadanganya. Inasoma 54, kumbe gari liko 60.

Viti vya springi vishikizwe kwa nukta chache kwanza. Gari lishushwe libebe uzito wake, pembe ya pinioni ipimwe, ndipo kuchomelea kukamilike.

Bomba la kupumulia lipandishwe juu ya chasi, maana ekseli ya moto ikitumbukia kwenye maji baridi huyafyonza kupitia sili. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, yameshaingia.