Mtandao Ukipotea Ghafla: Somo Kuhusu Wizi wa Laini za Simu

Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, laini ya simu imekuwa benki ya wakazi wengi wa kaunti. Malipo ya maziwa, mchango wa chama, karo na faida ya kibanda vyote hupitia humo. Kwa hivyo anayeiteka laini ameteka akiba ya mwenyewe, na anaweza pia kukopa kwa jina lake.

Wizi unavyofanyika

Tapeli halazimiki kuiba simu. Huanza kwa kukusanya habari za mtu: jina kamili, nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa. Hizi huzipata kwenye nakala za vitambulisho zilizotupwa ovyo, daftari za wageni langoni, au picha zilizowekwa mitandaoni.

Kisha hupiga simu. Anaweza kujidai ni mhudumu wa kampuni ya simu: "Laini yako itafungwa leo, tuhakikishe usajili wako." Mwingine hudai basari ya mtoto imeidhinishwa, ila ni lazima mzazi athibitishe nambari aliyotumiwa kwa ujumbe mfupi. Lengo ni kumharakisha mtu ili asipate nafasi ya kufikiri.

Akipata anachotaka, tapeli huomba nambari ya mwenyewe ihamishiwe kwenye kadi mpya aliyo nayo. Hapo kadi ya mwenyewe hukosa mtandao. Kilichobaki ni PIN. Wengi hutumia mwaka wa kuzaliwa kwa kuwa una tarakimu nne, kama PIN. Lakini mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho, kwa hivyo aliye na nakala yake hana kazi kubwa ya kubahatisha.

Kinga

1. PIN isiwe mwaka wa kuzaliwa wala tarakimu za kitambulisho. Asiambiwe mtu yeyote, hata wakala. Mzee asiyeona vizuri asaidiwe na mtu mmoja wa familia anayemwamini.

2. Mteja wa Safaricom anaweza kubonyeza *100*100# ili laini yake isibadilishiwe kadi kwingine isipokuwa katika duka la kampuni hiyo, akiwa na kitambulisho.

3. Kubonyeza *106# humwezesha mtu kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoijua, airipoti kwa kampuni ya simu.

4. Safaricom huwapigia wateja kwa nambari 0722 000 000. Nambari ya tapeli inaweza kutumwa kwa 333 bila malipo.

5. Anayeambiwa "nimekutumia pesa kimakosa" aangalie salio lake kwanza. Hata kama pesa zimeingia, asizirudishe mwenyewe. Aliyekosea anaweza kutuma ujumbe wa muamala huo kwa 456 ili kampuni ishughulikie.

6. Anayeombwa nakala ya kitambulisho aulize itatumiwa kwa kazi gani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kujua. Malalamishi hupokelewa na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Kuhusu basari na kazi za kaunti

Hakuna afisa wa kaunti anayehitaji PIN ya mkazi ili kumpa basari, wala hakuna ada ya kuomba kazi kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Anayedai "pesa ya faili" ni tapeli, hata akitaja jina la afisa anayejulikana. Mkazi akate simu na kuuliza katika ofisi ya wadi.

Laini ikishatekwa

Simu ikikosa mtandao ghafla ilhali majirani wanaupata, dakika ni muhimu. Mwenyewe aazime simu na kupigia kampuni yake ili laini ifungwe. Kwa Safaricom ni nambari 100. Pili, aiarifu benki au Sacco yake. Tatu, aende kituo cha polisi na kuchukua nambari ya OB, kwani ndiyo ushahidi wake deni la mkopo asiochukua likijitokeza. Baadaye aombe ripoti yake kutoka mashirika ya taarifa za mikopo, yaani CRB. Kila mtu ana haki ya kuipata bila malipo mara moja kwa mwaka.

Walioibiwa wengi hunyamaza kwa aibu, na kimya hicho humpa tapeli nafasi ya kumpigia jirani kesho yake. Aliyelaghaiwa akieleza wenzake katika chama au baraza, hadithi ile ile haitawapata bila habari.

Maswali ya kujadili katika chama

Ni nani kati yetu ambaye PIN yake ni mwaka wa kuzaliwa? Nakala za vitambulisho vya wanachama zimehifadhiwa wapi, na nani ana ufunguo? Laini ya mweka hazina ikipotea leo, tutajuaje?