Kilabu, Baa na Grosari: Tatizo la Kuipa Jina Nyumba Inayopika Bia Yake

1.0 Utangulizi

Dhana moja inayowakwamisha wafasiri wa Kiswahili siku hizi ni ile ya nyumba ambamo bia hutengenezwa, huuzwa na kunywewa papo hapo, na mnywaji akapata chakula bila kuondoka kitini. Kiingereza kina neno moja kwa nyumba ya aina hiyo. Bert Grant alipofungua yake huko Yakima, jimbo la Washington, mwaka 1982, ilihesabiwa kuwa ya kwanza nchini Marekani tangu marufuku ya vileo ya 1920 hadi 1933. Mtindo huo umekwisha kuenea hadi miji mikubwa ya Afrika Mashariki, Nairobi ikiwamo. Mfasiri anayekutana na neno hilo ama huliacha lilivyo, ama huandika maelezo marefu kama vile "baa yenye kiwanda kidogo cha bia".

Makala haya yanadai kuwa tatizo hilo halitokani na upungufu wa msamiati. Neno lipo, na husikika kila siku katika miji kama Kagongwa. Kinachokosekana ni radhi ya kulitumia.

2.0 Majina ya Nyumba

Kagongwa ni mji mdogo katika Manispaa ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, kando ya barabara kuu inayopita Isaka na Kahama kuelekea Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Unajulikana zaidi kwa mpunga: wakulima huleta mazao, mashine hukoboa, malori hupakia mchele. Madereva wa masafa marefu, wachuuzi wa mchele, vibarua na wachimbaji wa dhahabu wa Kahama na Geita hukutana katika barabara moja, na kila kundi hutafuta mahali pa kula na kunywa. Kisukuma na Kinyamwezi ndizo lugha za wenyeji, lakini muuzaji na mnunuzi wasiofahamiana huelewana kwa Kiswahili.

Neno la kwanza ni kilabu. Asili yake ni Kiingereza, na irabu i imeingizwa ili kuvunja mfuatano wa konsonanti mbili. Baada ya hapo mzungumzaji akaisikia silabi ya kwanza kuwa ni kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa vilabu, kama ilivyotokea kwa kitabu kilichotoka katika Kiarabu. Jambo la kuvutia ni kwamba neno limejigawa. Timu ya kandanda ni klabu ya, mahali pa pombe ni kilabu cha. Wingi wa vilabu hutumika kwa yote mawili, lakini katika umoja upatanisho peke yake unatosha kumjulisha msikilizaji kama mwenzake anakwenda kwenye mpira au kwenye pombe.

Baa nalo hutegemea upatanisho, tena kwa namna ya ajabu zaidi. Baa la njaa ni janga. Baa ya jirani ni mahali pa kunywea bia. (Wake za wanywaji wangeweza kusema kwamba tofauti hiyo ni ndogo, lakini sarufi inaishikilia.) Grosari, ambayo kwa Waingereza ni duka la vyakula, nchini Tanzania imekuwa duka dogo la vinywaji lenye viti vichache. Hoteli imepoteza vitanda na kubaki na sahani: mtu "hula hotelini" pasipo na chumba hata kimoja cha kulala. Mgahawa ulianzia kwenye kahawa, na ile m- ambayo katika Kiarabu huunda jina la mahali imepokewa kama kiambishi cha ngeli, hata ikapatikana migahawa.

Tofauti ya msingi kati ya maneno haya kwa kawaida haielezwi. Baa na grosari huuza kinywaji kilichotoka kwingine. Kilabu, katika maana yake ya kawaida, huuza pombe ambayo aliyeipika anafahamika, mara nyingi kwa jina, na mara nyingi yupo hapo hapo akiimimina. Hiyo ndiyo sifa bainishi ya dhana inayotafutiwa jina.

3.0 Kupika, Kugema, Kutengeneza

Ushahidi mwingine unatoka katika vitenzi. Pombe ya nafaka hupikwa, tembo hugemwa, bia hutengenezwa. Mzungumzaji mzuri hakosei: hakuna anayegema pombe ya mtama, wala anayetengeneza tembo.

Kupika hapa ni maelezo sahihi ya kazi yenyewe. Mtama au uwele hulowekwa, huachwa uote, hukaushwa na kusagwa. Huo ndio kimea, nomino itokanayo na kitenzi -mea. Uji wa nafaka hupikwa, kimea huongezwa, na vimeng'enya vilivyomo hugeuza wanga kuwa sukari. Kinywaji kikinywewa katika hatua ya mwanzo, kingali kitamu, huitwa togwa. Kikiachwa kichachuke, hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Mtengenezaji wa bia wa Munich au Nairobi hufuata mwendo huo huo: huotesha shayiri, huipasha moto katika maji, huchemsha pamoja na maua ya hopsi, huchachua. Tofauti iko katika nafaka, vyombo, hopsi na kuchuja. Kwa kigezo cha kitendo, bia nayo hupikwa. Kitenzi kutengeneza kilishikamana nayo kwa sababu Waswahili wengi waliipata bia ikiwa tayari ndani ya chupa, kama walivyopata betri na sabuni.

Methali ya pwani isemayo kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji inaihusu hali hii moja kwa moja. Inawezekana tu pale ambapo mtengenezaji na mnywaji wanaonana uso kwa uso, sifa ikimfikia mhusika kwa sikio lake. Mnywaji wa bia ya chupa hana wa kumsifu wala wa kumlaumu isipokuwa mhudumu, ambaye hakuipika.

4.0 Pombe na Bia

Jina la kilevi chenyewe katika Kisukuma na Kinyamwezi ni walwa au bwalwa, kutegemea lahaja. Shina hilo ni la kale sana katika Kibantu: Wabemba husema ubwalwa, Watswana bojalwa, Wazulu utshwala. Kiswahili sanifu hakikulichukua; kina pombe. Hata hivyo alama zake zipo. Wanzuki, pombe ya asali ijulikanayo sana Tanzania ya magharibi, yamkini ni kifupi cha "walwa wa nyuki", kwa kuwa nzuki ndio nyuki katika lugha hizo.

Viwanda vimelielewa jambo hili kuliko wanaistilahi. Bia ya Balimi, inayopendwa Kanda ya Ziwa, ina jina ambalo msemaji wa Kisukuma hahitaji kufasiriwa: ba- ni wa-, na balimi ni wakulima. Kibuku ni mfano wa ajabu zaidi. Inasimuliwa kwamba Max Heinrich, aliyekuwa akitengeneza pombe ya nafaka katika eneo la migodi ya shaba la Zambia ya leo, aliandika vipimo vyake daftarini, na wanywaji wakaiita pombe hiyo Chibuku, yaani ile ya kitabuni. Ilipofika Tanzania, chi- ikawa ki-. Kiswahili sasa kina kitabu chenye ki- ya bahati na kibuku chenye ki- ya haki, na cha pili hunywewa.

Sheria nayo imetia mkono. Sheria Na. 62 ya mwaka 1966, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilikiita kinywaji kikali cha kukeneka kwa jina lake la Kiswahili, moshi. Mitaani jina lililotawala ni gongo, kama rungu linavyompiga mtu. Viroba, vifuko vya plastiki vya pombe kali, vilikuwa jina la chombo lililogeuka kuwa jina la kinywaji, hadi vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017.

Kati ya majina yote, linalostahili kutazamwa kwa makini ni pombe ya kienyeji. Kuku wa kienyeji husifiwa, na bei yake humzidi kuku wa kisasa. Pombe ya kienyeji huhesabiwa kuwa ya walalahoi. Kivumishi ni kimoja, na huenda meza ni moja, lakini thamani zimepishana. Ndiyo maana mtu anaweza kutamka bila kuona mgongano: "Mimi pombe sinywi, nakunywa bia."

5.0 Istilahi Ipi?

Kwa kufuata hoja hizi, istilahi inayofaa ni kilabu cha bia, na kitenzi chake ni kupika bia. Njia iliyotumika ni upanuzi wa maana, ambao ni nafuu kuliko utohozi kwa kuwa msikilizaji tayari anayo nusu ya maana. Upinzani unaotarajiwa ni kwamba mwenye biashara hatakubali nyumba yake ya kifahari iitwe kwa jina linalokumbusha mabenchi na mitungi. Pingamizi hilo lina uzito wa kibiashara, si wa kiisimu. Likikubaliwa, ufundi mmoja utakuwa na majina mawili kwa kufuata bei, na jina la heshima litakwenda kwa aliyekuja nyuma.

Linabaki jina la mtendaji. Kiswahili kina mpishi, nomino kamili ya kazi, ambamo k ya -pika imegeuka sh mbele ya -i. Mwanamke anayepika pombe Kagongwa kwa kawaida huitwa mpika pombe, umbo la -a lisilosimama bila yambwa yake. Bwana wa mitambo ya chuma cha pua mjini ataombewa cheo cha mpishi wa bia bila shaka yoyote. Kamusi ikimwingiza huyo, haina budi kuingiza pia, katika kidahizo hicho hicho, mpishi wa pombe.